Macho Kwanza, Mikono Baadaye: Namna ya Kumsaidia Kinda wa Ndege Aliyejeruhiwa

Mada ya mazungumzo ya leo ni kinda wa ndege wa porini aliyeanguka au kujeruhiwa, na namna mtu wa kawaida, asiye daktari wala bingwa wa ndege, anavyoweza kumsaidia bila kumzidishia madhara. Mada hii ina msimu wake. Mvua zinaponyesha Afrika Mashariki, majani huchipua na wadudu huongezeka, na ndege wengi wadogo hutaga na kulea wakati huo kwa sababu chakula kipo tele. Lakini mvua hiyo hiyo huja na upepo unaoangusha viota vya mnana kutoka kwenye makuti ya minazi, na ndiyo maana miezi ya mvua huwa pia miezi ya watoto kuingia nyumbani mbio, viganja vimefumbwa, wakimwonyesha mama au bibi kiumbe kidogo kinachotetemeka.

Je, kiumbe huyo afanyiweje? Swali hilo ndilo linalojibiwa leo, na jibu lake lote linaweza kufungwa katika maneno manne ambayo yatarudiwa mara kadhaa ili yakae kichwani: macho kwanza, mikono baadaye. Maana yake ni kwamba msaada wa kweli kwa kinda huanza kwa kumtazama na kuielewa hali yake, kwa kuwa makinda wengi wanaookotwa hawakuhitaji kuokotwa, na wale wanaohitaji huweza kuumizwa zaidi na haraka ya mwokozi kuliko na jeraha lenyewe.

Inafaa kwanza maneno machache yaelezwe. Kinda, kwa maana inayotumika hapa, ni mtoto wa ndege tangu anapoanguliwa hadi anapoweza kujitafutia chakula bila wazazi wake. Wataalamu huwagawa watoto wa ndege katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni la wale wanaotoka kwenye yai macho yakiwa wazi na mwili umefunikwa na manyoya laini, kama vifaranga wa kuku, kanga, kwale na mbuni, ambao baada ya muda mfupi hutembea na kudonoa wenyewe, na kazi kubwa ya mama yao ni kuwaongoza, kuwapa joto na kuwakinga na adui. Kundi la pili ni la wale wanaotoka kwenye yai wakiwa uchi au karibu uchi, vipofu, wasioweza hata kuinua shingo kwa muda mrefu, kama makinda wa shore, mnana, chozi, njiwa na mbayuwayu. Hawa hutegemea wazazi kwa kila tonge na kila joto, na katika mazungumzo haya wataitwa makinda tegemezi.

Makinda tegemezi nao hupitia hatua mbili, na asiyezitofautisha hatua hizo atakosea msaada wote unaofuata. Hatua ya kwanza ni ya kinda wa kiotani, yaani yule ambaye bado yuko uchi, au ambaye manyoya yake yamechomoza kama vijiti vilivyofungwa ndani ya ala nyembamba, na ambaye nje ya kiota hawezi lolote. Hatua ya pili ni ya kinda mwanagenzi, yaani yule aliyekwisha kuota manyoya, ameshatoka kiotani kwa hiari yake, lakini bado anajifunza kuruka. Mfano ulio karibu na watu wengi ni shore, ndege mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kahawia na rangi ya manjano chini ya mkia, ambaye asubuhi husikika akiimba kwenye nyua na mipapai. Jike hutaga mayai mawili au matatu katika kiota chenye umbo la kikombe kichakani, na makinda hukaa humo kwa takriban wiki mbili.

Wanapotoka humo, makinda hao huonekana kama waliokatishwa safari katikati: mkia ni kigutu, mabawa hayajatimia, kingo za mdomo zimevimba na zina umanjano kama midomo ya mtoto aliyekula embe bila kunawa, na juu ya kichwa yamebaki manyoya laini machache yanayosimama ovyo. Kwa siku kadhaa hurukaruka chini na vichakani wakiita kwa sauti, na wazazi huifuata sauti hiyo wakiwa na wadudu na vipande vya matunda mdomoni. Mpita njia humwona kinda wa namna hiyo, humhurumia na kusema kuwa ameanguka, kumbe ametoka. Husema kuwa ameachwa, kumbe wazazi wake wako juu ya tawi wakingoja mtu aondoke. Kumchukua kinda huyo ni sawa na kumchukua mtoto anayecheza kwenye ua wa kwao kwa kudhani kwamba ni yatima.

Sasa, mtu atajuaje kama kinda anahitaji msaada? Hapo ndipo macho yanapotangulia. Kinda mwenye manyoya, anayesimama sawasawa kwa miguu miwili, anayeruka akisogelewa na ambaye hana damu wala bawa linaloning'inia, aachwe alipo, au kama yuko barabarani au penye paka na mbwa, asogezwe hatua chache tu hadi kwenye kichaka au tawi la karibu ambapo wazazi watamsikia. Kisha mtazamaji arudi mbali, ndani ya nyumba ikiwezekana, awaite watoto, amfungie paka, na atazame kwa saa moja au zaidi bila kusogea karibu. Mara nyingi ataona mzazi akishuka kwa hadhari, akiangaza huku na huku, na kumtia kinda wake panzi au kiwavi mdomoni. Akiliona hilo, kazi yake imekwisha, na imekwisha vizuri.

Kinda wa kiotani aliyeanguka akiwa mzima ana jibu jingine, nalo ni kurudishwa kiotani. Hapa inabidi imani moja iliyoenea iwekwe mezani, ile isemayo kwamba kinda akishaguswa na mwanadamu, wazazi wake hunusa harufu ya mkono na kumtupa. Je, ni kweli? Si kweli. Ndege wa kawaida wa bustanini hawawakatai makinda wao kwa sababu ya harufu ya mkono wa mtu, bali hurudi mahali walipojenga na kuitikia sauti na midomo iliyo wazi. Watafiti wa ndege kwa miaka mingi wamekuwa wakiwatoa makinda viotani, wakiwapima na kuwavisha miguuni pete ndogo zenye namba ili waweze kuwatambua baadaye, na baada ya kuwarudisha wazazi huendelea kuwalisha. Kinachowafukuza wazazi ni mtu anayekaa kando ya kiota au kurudi hapo kila baada ya dakika chache, na kwa hiyo arudishaye kinda na afanye hima, kisha aondoke.

Kabla ya kurudishwa, kinda aliyepoa apashwe joto kwanza ndani ya viganja viwili vilivyofumbwa kwa ulegevu, kwa sababu kinda wa baridi hafungui mdomo, na asiyefungua mdomo hapewi chakula hata kama mama yake amesimama juu yake. Ikiwa kiota kimeharibika, kikapu kidogo cha ukili au kifuu cha nazi kilichotobolewa matundu chini ili maji ya mvua yapite, kikatandikwa nyasi kavu na kufungwa imara kwenye mti ule ule, penye kivuli na karibu na pale kiota kilipokuwa, kinaweza kuwa badala yake. Wazazi wanaosikia sauti ya kinda wao hukikubali kikapu hicho mara nyingi, kwani kinachowavuta hasa ni mwito wa yule aliyemo ndani.

Mazungumzo sasa yanafika kwa kinda aliyejeruhiwa kweli, na hapa ndipo mikono inapopata zamu yake. Dalili zenye uzito ni hizi: damu, bawa linaloning'inia chini kuliko jingine, mguu usioshika, kichwa kinachoanguka upande, mdomo unaobaki wazi akihema ingawa hakuna joto wala mbio, siafu au mayai ya inzi katikati ya manyoya, na mwili ulio baridi ukiguswa. Iongezwe dalili moja isiyoonekana kwa macho, yaani kuwahi kuwa mdomoni mwa paka. Meno na kucha za paka ni nyembamba kama sindano na hubeba bakteria, yaani vimelea vidogo sana visivyoonekana, ambavyo huingia mwilini kupitia tundu dogo na kuweza kumuua ndege kwa muda mfupi ingawa juu ya ngozi hakuna alama. Kinda aliyetoka mdomoni mwa paka ahesabiwe kuwa mgonjwa anayehitaji dawa ya daktari siku hiyo hiyo, hata akionekana mchangamfu.

Huduma ya kwanza kwa kinda kama huyo ina nguzo nne: giza, joto, utulivu na wepesi wa kumfikisha kwa mtaalamu. Nguzo hizo zinastahili kurudiwa: giza, joto, utulivu na wepesi. Giza, kwa sababu ndege asiyeona hatari hutulia, na hofu peke yake inaweza kumuua ndege aliyekwisha kudhoofika. Joto, kwa sababu mwili wa ndege mzima huwa na nyuzijoto kama 40 hadi 42 za Selsiasi, zaidi ya mwili wa binadamu wenye takriban 37, na kinda aliyeumia au asiye na manyoya hupoteza joto hilo upesi. Utulivu, kwa sababu kwa ndege wa porini sauti ya mtu, hata ya huruma, ni sauti ya adui. Na wepesi, kwa sababu kinda hana akiba mwilini ya kungojea.

Namna ya kuzitimiza nguzo hizo si ya gharama. Kitambaa chepesi, kwa mfano kipande cha khanga kuukuu, hurushwa taratibu juu ya kinda ili macho yake yafunikwe, kisha kinda hubebwa pamoja nacho, mabawa yakiwa yamekunjwa kama kawaida yake kando ya mwili. Mshikaji asibane kifua. Binadamu ana kiwambo cha misuli kati ya kifua na tumbo ambacho humsaidia kuvuta pumzi, lakini ndege hana kiwambo cha namna hiyo, naye hupumua kwa kupandisha na kushusha mfupa wa kifua na mbavu zake. Kwa hiyo mkono unaombana kifuani humnyima pumzi, na mtoto anayemkumbatia kinda kwa mapenzi yote anaweza kumuua huku akimbembeleza.

Kinda huwekwa ndani ya boksi la viatu lililotobolewa matundu madogo na kutandikwa kitambaa kisicho na nyuzi zinazochomoza, maana ukucha mmoja ukinasa kwenye uzi, mguu mwembamba kama njiti ya kiberiti huteguka. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo huwekwa upande mmoja tu wa boksi, ili kinda akizidiwa na joto aweze kusogea upande wa pili. Boksi hufunikwa na kuwekwa mahali pa kimya, mbali na redio, jiko na watoto, na halifunguliwi kila mara kuona kama mgonjwa bado yu hai. Kufungua boksi kila baada ya dakika tano humfariji mfunguaji na kumchosha mgonjwa.

Yako pia mambo ambayo wema huyafanya na ambayo hayafai. La kwanza ni kumdondoshea kinda maji mdomoni. Tundu la njia ya hewa ya ndege liko sakafuni mwa mdomo, nyuma tu ya ulimi, na tone linalomwagwa hapo huweza kuingia mapafuni badala ya tumboni, hivyo kinda akaishia kuzama kwa maji yasiyojaza hata kijiko. La pili ni kumpaka mafuta, iwe mafuta ya nazi au ya kujipaka mwilini, kwa sababu manyoya yaliyolowa mafuta hushikamana, hayahifadhi joto na hayabebi hewa. La tatu ni kufunga bawa kwa kijiti na uzi. Mifupa ya ndege ni myembamba, mingi ina uwazi ndani, nayo huanza kuunga mapema sana. Bawa lililofungwa vibaya huunga vibaya, na bawa lililounga vibaya humfanya ndege asiruke tena maisha yake yote. La nne ni kumlisha kabla hajapata joto, kwa maana kinda wa baridi hasagi chakula tumboni.

Suala la chakula linahitaji kukaliwa kidogo, kwa kuwa ndipo makosa mengi hutokea. Katika nyumba nyingi kinda hupewa kile kilichopo: tonge la ugali, wali, mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Je, kuna ubaya gani? Upo. Tumbo la ndege halikuumbwa kusaga sukari iliyomo kwenye maziwa, na ugali na mkate hushibisha bila kujenga, wakati kinda anajenga mifupa, misuli na manyoya yote kwa wiki chache. Hata ndege wanaoishi kwa nafaka wakiwa wakubwa, kama mnana, huwalisha makinda wao wadudu, kwa sababu mwili unaokua unataka protini, yaani kile kirutubisho kinachojenga mwili. Kinda aliyekosa chakula sahihi huota manyoya yenye mistari hafifu inayokatiza upana wake, na siku anapoanza kupiga mabawa, manyoya hukatika kwenye mistari hiyo kama karatasi iliyokunjwa mara nyingi mahali pamoja.

Zaidi ya hayo, kila aina ya ndege ina meza yake. Kinda wa njiwa hafumbui mdomo akingoja kutiliwa, bali huingiza mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi na kupokea uji mzito unaotengenezwa kwenye mfuko wa chakula ulio shingoni mwa mzazi, baba na mama sawasawa. Kinda wa bundi naye humezeshwa panya pamoja na mifupa yake, na ni mifupa hiyo inayompa madini ya kalisi ya kuimarisha mifupa yake mwenyewe. Akilelewa kwa vipande vya nyama tupu, miguu yake hupinda. Ndiyo sababu mtu asiyejua aina ya kinda aliye mbele yake hufanya vema kumpa joto na kumpeleka, akiacha chakula kwa anayejua.

Bundi ametajwa, na hawezi kupitwa hivi hivi. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, bundi huhesabiwa kuwa ndege wa mkosi, mjumbe wa mauti au mfugo wa wachawi, na kinda wake anapoanguka kutoka darini hupokewa kwa mawe. Anaonekanaje? Ana uso mweupe wenye umbo kama la kopa ya karata, mwili wa manyoya meupe kama pamba iliyochambuliwa, na akisogelewa hupuliza kama nyoka na kugonganisha mdomo. Sauti hiyo inayowatisha watu ni kilio cha mtoto anayeogopa. Familia moja ya bundi inayolea darini hula panya wengi kila usiku, panya wale wale wanaotoboa magunia ya mahindi ghalani, hivyo anayemuua kinda wa bundi humpunguzia panya adui. Mwenye kumsaidia atumie kitambaa kizito, kwa sababu kucha zake ni kali tangu utotoni, na aepuke kutega sumu ya panya nyumbani, maana panya aliyekula sumu akiliwa na bundi, sumu hiyo huhamia kwa mlaji.

Tuseme sasa kinda amepona na anakula vizuri mkononi mwa mlezi wake. Je, huo si mwisho mwema? Hapo ndipo hatari ya pili huanza, na hatari hiyo haina damu. Mwanasayansi wa Austria, Konrad Lorenz, ambaye mwaka 1973 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili, Karl von Frisch na Nikolaas Tinbergen, alionyesha kwamba vifaranga wa bata bukini wanaoanguliwa wakamwona mtu kwanza humfuata mtu huyo kama mama yao. Hali hiyo inaweza kuitwa chapa ya utotoni, yaani kile kinachotokea katika muda mfupi wa mwanzo wa maisha, ambapo akili ya ndege hupiga muhuri wa nani ni mzazi na nani ni mwenzake. Ndege aliyepigwa muhuri wa kibinadamu huweza kuwakimbia ndege wenzake, kumfuata kila mtu bila hofu, na siku akiachiwa hushuka begani kwa mtu wa kwanza anayepita, ambaye huenda akawa mtu wa manati. Wahenga walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na kwa ndege wa porini methali hiyo ni kweli tupu.

Mfano mkubwa wa madhara ya kumfuga kinda wa porini uko Rwanda. Korongo taji, yule ndege mrefu mwenye kishungi cha dhahabu kichwani ambaye pia ni nembo ya Uganda, kwa miaka mingi alichukuliwa mtoni na mabondeni angali kinda, akafugwa kama pambo kwenye bustani za hoteli na za watu binafsi, na mara nyingi mabawa yake yalikatwa ili asiruke. Daktari wa wanyama Olivier Nsengimana na shirika lake la uhifadhi wa wanyamapori, wakishirikiana na serikali ya nchi hiyo, waliwakusanya zaidi ya korongo 200 kutoka katika kufungwa huko. Waliokuwa na uwezo wa kuruka walipelekwa Hifadhi ya Taifa ya Akagera wazoezwe upya maisha ya porini, na wale ambao mabawa yao yaliharibika kabisa wakapewa makao ya kudumu katika eneo la kinamasi liitwalo Umusambi Village, jijini Kigali. Korongo hao wa Kigali hawataruka tena, na wengi wao hawakudhurika kwa mishale wala mitego. Walidhurika kwa kupendwa na watu wasiojua.

Nchi nyingi zimeweka sheria kuhusu ufugaji wa ndege wa porini. Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2013, na kwa sheria hizo ndege wa porini hafugwi nyumbani bila kibali. Mwokozi wa kweli hana sababu ya kuziogopa, kwani kinachotakiwa kwake ni kutoa taarifa na kumfikisha kinda panapostahili: kwa daktari wa mifugo aliye karibu, kwa ofisi ya wanyamapori, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, kwa Tanzania, au Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, kwa Kenya, na nchini Kenya viko pia vituo vya kuwatibu ndege mbua, yaani ndege wawindaji kama tai, mwewe na bundi, huko Naivasha na Soysambu. Vituo hivyo humrudisha ndege porini hatua kwa hatua, akitoka kizimba kidogo kwenda kizimba kikubwa, na kigezo chao ni kwamba ndege aweze kuruka vizuri, kujilisha mwenyewe, na kumwogopa binadamu. Ndege anayemkimbia mponyaji wake amelelewa vizuri.

Liko swali moja gumu ambalo haifai kulikwepa: vipi kuhusu kinda wa kunguru? Yule kunguru mwenye shingo ya kijivu aliyejaa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa si wa asili ya pwani hii; aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili ale takataka, akaongezeka, akaanza kula mayai na makinda ya ndege wenyeji, na mwaka 2024 KWS ilitangaza mpango wa kumpunguza kwa wingi nchini Kenya. Mtu akimwokota kinda wa aina hiyo, asimtese, kwa kuwa kinda hana hatia ya historia, lakini asimlee na kumwachia mtaani; ampeleke kwa daktari wa mifugo aamue.

Afya ya nyumba nayo isisahauliwe. Ndege wa porini anaweza kubeba maradhi, ukiwemo mdondo, ugonjwa unaoangamiza mabanda mazima ya kuku, na kwa hiyo boksi la mgonjwa liwe mbali na banda, mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada ya kumgusa, na vyombo vyake visichanganywe na vya jikoni. Ndege aliyekutwa amekufa pamoja na wenzake wengi mahali pamoja asiguswe kabisa, bali taarifa itolewe kwa daktari wa mifugo.

Wasikilizaji wapenzi, kabla ya kuagana, mambo makuu yarudiwe kwa ufupi. Kinda mwenye manyoya anayerukaruka, aachwe kwa wazazi wake. Kinda wa kiotani aliye mzima, apashwe joto na arudishwe kiotani. Kinda aliyejeruhiwa, au aliyetoka mdomoni mwa paka, apewe giza, joto, utulivu na wepesi wa kufikishwa kwa mtaalamu. Asipewe maji, maziwa, ugali wala mafuta. Na ukweli mmoja usemwe waziwazi: wengi kati ya makinda waliojeruhiwa vibaya hufa hata mikononi mwa daktari, na mtoto aliyemleta kinda akafa asikaripiwe, aambiwe kwamba kinda huyo alifia mahali pa joto na pa kimya.

Wazazi na walimu wanaosikiliza wanaombwa jambo moja jepesi: jioni ya leo, wawaulize watoto ni mti gani wa jirani wenye kiota, kisha wawafundishe kukitazama kwa mbali, na paka wa nyumbani afungiwe ndani wakati makinda wanatoka. Macho kwanza, mikono baadaye.